Siku Majaji Walipozomewa Huruma

Juzi mjukuu wangu alipiga tarumbeta kwenye mashindano ya bendi za kanisa, na watu wakawazomea majaji mpaka masikio yakaniuma. Akanijia mbio: "Kukhu," ndivyo anavyoniita bibi yake, "wanatuzomea sisi?" Nikacheka, maana swali hilo hilo liliwahi kuniliza utotoni.

Nilikuwa mdogo, nimekaa kando ya uwanja wa mtaa wetu wa Huruma, upepo ukileta harufu ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Mama yangu ndiye aliyepiga ngoma kubwa ya bendi yetu ya kanisa, na kila akiipiga tumbo langu lilitetemeka. Majaji wakanong'onezana, kisha wakatangaza bendi nyingine kuwa mshindi. Uwanja ukalipuka: "Uuuu! Wezi!" Nikadhani wanamzomea mama. Nikalia kamasi zikitiririka.

Mama hakulia. Alienda na ngoma yake kifuani mpaka kwenye meza ya majaji.

"Baba, tumekosea wapi? Sema watu wasikie."

Jaji mkuu akapanda juu ya kiti. "Mama, mlipogeuka kona mkipiga gwaride, safu yenu ya nyuma ilichanganya miguu. Huyu kushoto, huyu kulia."

Mama akawatazama wa nyuma. Wakainamisha vichwa.

"Basi nyamazeni!" akaufokea umati. "Tumeshindwa kwa haki."

Kisha akafuata desturi yetu, kwamba aliyeshindwa humpigia mshindi akitoka uwanjani. Akawapigia washindi mpaka barabarani, na wale waliozomea wakamfuata wakicheza.

Nilidhani mama ndiye aliyeshinda. Na katika uzee wangu huu, bado sijaona kama nilikosea.