Kiondo Kilichorudi Kitupu

Sisi tuliokulia Mwala miaka ya tisini tulicheza mashua kabla ya kuona maji ya kuelea hata jani. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukitaka maji unachimba kwa mikono, unangoja shimo lijae polepole, unateka kwa kata, kisha unalifunika kwa miiba mbuzi wasije wakalichafua. Lakini mashua tulikuwa nayo: mzinga mkuukuu wa babu yake Muia, gogo lililopasuka nyuki wakahama. Ndani bado mlinukia nta na moshi.

Kwa kuwa gogo lilikuwa la babu yake, Muia ndiye aliyekuwa nahodha siku zote. Yeye alikaa ndani, sisi tukavuta kwa kamba ya katani, mchanga ukituchoma nyayo. Kando ya mto kila mtoto alikuwa na nyumba yake, yaani mawe matatu na kivuli, na kila nyumba tulitia nanga. Sheria ilikuwa moja tu: mashua ikifika, unailisha. Hakuna cha kusema bado hujapika. Wengi wetu tulipakua mchanga kwenye majani, lakini Katunge aliwahi kutoa ukoko wa ugali wa kweli kutoka jikoni kwao. Muia aliumaliza peke yake, akashukuru kwa sauti nzito kama ya chifu, akaamuru tung'oe nanga.

Sheria hiyo hatukuitunga sisi. Tuliikuta nyumbani. Ukitoka shule ukajaribu kupita kwa Mama Muia bila kuingia, ulimsikia kutoka jikoni: "Wewe, kwenu kunaungua? Njoo ule." Ukapewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, yamechanganywa na mbaazi, na hakuna aliyekuuliza umefuata nini. Naye alipompelekea jirani chakula kwa kiondo, kiondo kilirudi na kitu ndani: mayai mawili, konzi ya kunde, hata chumvi iliyofungwa kwa karatasi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kumwambia asikanyage tena kwako.

Miaka ya elfu mbili miguu yangu isiyotulia ilinifikisha pwani. Nikawa fundi wa injini kwenye mashua ya mizigo iliyobeba simiti na mabati kutoka Mombasa kwenda Kilifi, Malindi, mpaka Lamu. Nilipika humo, nikalala humo, nikaanika mashati yangu humo. Mabaharia wenzangu walinicheka, wakisema Mkamba akiona maji mengi hivi anatafuta miiba ya kuyafunika. Nami nilifurahi, kwa sababu mchezo wetu ulikuwa umegeuka kweli. Kila bandari nilikuwa na mtu wa kwetu wa kumpigia hodi.

Muia alikuwa Kilifi, mkubwa wa stoo katika hoteli moja, na tangu apate kazi hiyo hakuwa amekanyaga Mwala. Nilipokwenda likizo, mama yake alinijazia kiondo mbaazi kavu, akanishika mkono. "Mfikishie. Na umtazame vizuri, uje uniambie yukoje."

Nilifika kwake mchana, nikakuta geti la chuma na mbwa. Msichana wa kazi akaniambia ningoje. Nilingoja juani, nikisikia vijiko ndani na kunusa pilau. Muia alipotoka alikuwa na simu mkononi, na geti alilifungua kiasi cha kutoa bega.

"Ungenipigia kwanza, bro," alisema. "Saa hii niko na wageni."

Wageni! Na mimi niliyevuta gogo lake mpaka viganja vikachubuka nilikuwa nani, mchuuzi? Nikamwambia nimetumwa na mama yake. Akamimina zile mbaazi kwenye mfuko wa plastiki mbele ya macho yangu, akanipitishia kiondo kwenye ule mwanya, akaniambia nimsalimie mathe. Kiondo kilikuwa kitupu. Hakutia hata kipande cha sabuni.

Malindi, Katunge alikuwa na kibanda cha chai karibu na gati. Yeye alinilisha kwanza, habari baadaye. Nilipomweleza ya Kilifi alichukua kile kiondo akakijaza nazi na korosho.

"Sema vimetoka kwa Muia," aliniambia. "Mwaitu, yule mama yetu, asikione kikiwa hivi."

Nikakubali. Likizo iliyofuata nilirudi Mwala, na Mama Muia alipopokea kiondo alitoa nazi moja, akaitikisa sikioni, akatabasamu. Halafu akauliza, "Ulikula nini kwake?"

Uongo wa nazi nilikuwa nao tayari. Wa chakula sikuwa nao. Nikatazama vidole vyangu. Hakuniuliza mara ya pili. Aliinama akapuliza moto, akarudisha chungu mekoni.

"Keti ule," alisema. "Hapa pia ni kwa Muia."

Hasira ya siku ile ya Kilifi ninayo mpaka leo. Vijana wa sasa nawacheka tu: mtu anatuma ujumbe, halafu lokesheni, halafu ujumbe mwingine kwamba yuko nje, na akishaingia anauliza waifai kabla ya maji ya kunywa. Lakini hayo mageti si wao walioyajenga. Tuliyajenga sisi, kizazi kilichokula katika kila nyumba kando ya ule mto.

Mto wenyewe umebaki mwamba. Malori yamezoa mchanga wote, na ukichimba hupati tone. Mchanga wa pale tulipokuwa tukitia nanga leo ni ukuta wa mtu kwenye mitaa mipya ya Syokimau, na juu yake wamepanga vipande vya chupa.