Matawi ya Kinyonga

Leo nikitoka shule nimekuta lori limeharibika njia ya Bonga, na utingo amelaza matawi mabichi barabarani kuonya magari. Matairi yalikuwa yameyaponda. Harufu ya majani na lami ya moto ikanirudisha nyuma.

Nilikuwa mdogo, nimeshika kanga ya mama, naye amebeba kichwani matawi ya kulisha mbuzi. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemwona kinyonga amepondwa na gari barabara hiyohiyo, bapa kama jani. Sasa tunarudi, na mwingine anavuka, anayumbayumba, mguu mmoja hewani kama anapima joto la lami.

"Mama, mbebe!"

"Yule? Simgusi hata kwa fimbo. Mbebe wewe."

Na mimi nilimwogopa. Kwa mbali tukasikia fuso.

Mama akatua mzigo, akaanza kuyatupa matawi barabarani mbiombio, kama vile gari limeharibika. Fuso ikapunguza mwendo, ikasimama. Dereva akachungulia.

"Shikamoo, mama. Gari liko wapi?"

"Marahaba. Si hilo linavuka?"

Dereva akacheka mpaka akapiga usukani. "Hilo limekwama gia namba moja!" Lakini akazima injini, na sote watatu tukasubiri mpaka mkia ukaingia kwenye nyasi.

Leo nilisimama pale kwenye matawi muda mrefu.

"Vipi dogo, unatafuta nini?" utingo akauliza.

Nikaona aibu, nikasema hamna kitu. Nyumbani hakuna wa kufuga mbuzi tangu mama aondoke. Tawi moja nililichukua hata hivyo.