Mwanamume Anayeteka Maji Newala

Kumeshapambazuka, lakini ukungu wa bonde la Ruvuma bado umelala chini. Kwenye njia ya mteremko wa Newala wanawake wanapanda na mitungi kichwani, na katikati yao anapanda mwanamume mmoja. Ana mti begani, na kwenye kila ncha ya mti linaning'inia debe la maji.

"Fikirini! Wewe unyago ulichezwa wapi?" anauliza Mama Zena, jirani yake, na njia nzima inaangua kicheko.

"Shikamoo, Mama Zena. Nilichezwa Uchina."

"Marahaba. Na aliyekufunda ni nani?"

"Babu mmoja aliyesuka nywele."

Kicheko kinazidi, naye hanuni. Huku maji huteka wanawake. Mwanamume akionekana na mtungi, hata mmoja, watu huuliza mkewe anaumwa nini. Fikirini hana mke. Maji anawauzia askari wa boma na wenye maduka kwa heller chache, vijisarafu vya Kijerumani, na jua halijawa kali anashuka tena.

"Wanicheke," ananiambia, akiutua mzega wake, kama watu wa pwani wauitavyo mti huo. "Hicho ndicho ninachokitafuta."

Vita vya Maji Maji vilipozuka, Fikirini alikuwa dobi Lindi, akimfulia mfanyabiashara mmoja wa Kidachi, Mjerumani. Alipopata ruhusa ya kurudi kwao, nyumba ilikuwa majivu na mama yake, Bi Sijaona, hayupo. Wengine walisema njaa ilimmaliza msituni. Wengine walisema amevuka Ruvuma pamoja na waliokimbilia kwa Wareno. Fikirini alivuka, akauliza kijiji baada ya kijiji, akarudi mikono mitupu. Tajiri wake alipohamia Shanghai, alimfuata.

"Sikuwa na wa kumuaga," anasema.

Huko Uchina, pasi ikishapoa, alikuwa akitoka kutembea. Hakuwa na pa kwenda, basi alikwenda kokote. Alipita vichochoro ambamo nguo zilianikwa kwenye mianzi kutoka dirisha hadi dirisha, zikamdondoshea matone kichwani, naye kwa udobi wake akawa anakagua kola za watu asiowajua. Aliona vinyozi wakinyoa watu barabarani, na wazee waliowatoa ndege wao matembezini, kila mmoja na tundu lake mkononi. Aliona mpishi aliyebeba jiko zima begani, moto ncha hii na mabakuli ncha ile, akitua popote palipo na mwenye njaa.

Fikirini alimpa shikamoo kila mzee aliyekutana naye. Hakuna aliyeitikia. Wangeitikiaje? Hata hivyo hakuacha, maana mdomo usiosalimu mtu kutwa nzima unaanza kumtisha mwenyewe. Upweke ule ulimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Siku zake za kwanza kule ndipo alipowaona wateka maji. Wanaume peke yao! Vijana kwa wazee, kila mmoja na mzega na ndoo mbili, wakipigiana kelele za kuombana njia. Fikirini alisimama kuwatazama.

"Nilijua vita vimepita pale pia," anasema. "Wanaume wote wale kuteka maji! Nikasema basi, wake zao wamekufa, mama zao wamekimbia. Niliwaonea huruma, bwana, mpaka machozi."

Akamwendea babu mmoja aliyesuka nywele mkia mrefu, aliyekuwa ametua kupumzika. Akamshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa kama tufanyavyo msibani, akamwambia, "Pole, babu. Na mimi mama yangu haonekani."

Babu alimtazama sana. Hakuitoa mikono yake. Kisha akachota maji kwa kata, akampa, naye akanywa.

Papo hapo mlango wa kichochoro ukafunguliwa. Akatoka bibi mfupi, mzima wa afya, akaanza kumfokea babu kwa kuchelewesha maji. Maneno Fikirini hakuyajua, lakini mke anayefoka anajulikana popote. Babu alibeba mzega wake mbio.

"Nilicheka! Nilicheka nikashika ukuta. Kisha nikageuka nimsimulie mtu." Hapo Fikirini anafuta jasho. "Niliyegeuka kumsimulia ni mama. Yeye angecheka mpaka ndonya, pambo la mti la mdomo wa juu, limtikisike. Mji ule wote, watu kama siafu, na hakuna hata mmoja wa kucheka naye."

Tajiri aliporudi Lindi mwaka jana, Fikirini alirudi naye, akaacha udobi. Kutoka Uchina alileta kitu kimoja tu: mzega wa mwanzi.

"Huko chini wanawake wetu hukutana na wanawake wa ng'ambo ya Ruvuma, wanaovuka kubadilisha samaki kwa muhogo," anasema. "Habari ya mwanamume anayeteka maji haiwezi kukaa upande mmoja wa mto. Mama akiisikia hatatosheka na kusimuliwa. Namjua. Atakuja acheke kwa macho yake."

Mama Zena, aliyekuwa amesimama akisikiliza, hacheki tena. Anauweka sawa mtungi kichwani.

"Jana nimewasimulia tena wa ng'ambo," anasema. "Nimetia na chumvi kidogo. Nimesema unateka maji umejifunga kanga."

Fikirini anaingiza bega chini ya mzega, anasimama, madebe yanacheza.

"Ongeza, mama," anasema. "Ongeza."