Viti Viwili vya Mstaafu wa Posta

Katika darasa letu la Kihispania, ngazi ya kati, mazungumzo hufanywa wawili wawili. Mstaafu wa posta, mwenye ulimi mzito, hakuna anayemtaka. Hupanga viti viwili, hulamba kidole, hufunua daftari, huuliza kama muuzaji, kisha huhamia kiti cha pili na kujijibu kama mnunuzi. "Babu, leo umejipunguzia bei?" vijana humtania, nami huwakaripia kwa utovu wao wa adabu. Siku ya mtihani nilipangwa naye. Nikazihofia alama zangu, nikajibanza nje, kando ya dirisha. "Mwenzako yuko wapi, mzee?" mwalimu akauliza. Macho yangu na ya mzee yakakutana kupitia kioo cha dirisha. "Amepata udhuru, mwalimu," akajibu kwa upole, akavuta kiti cha pili.