Kipande cha Kijani cha Kakesio

Kazi yangu ni kuyatafutia njia magari yasiyopita kila njia. Mtu akitaka kusafirisha transfoma au mtambo mkubwa huja kwenye chumba changu hapa Karatu, juu ya duka la vipuri. Nafungua kompyuta, nachora njia juu ya picha ya setilaiti, napima kona, madaraja na nyaya za umeme, kisha naambatisha ramani kwenye ombi la kibali. Nilikuwa najisifu sana kwa hilo, tena mbele za watu. Fundi aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akiipitia njia nzima na ufito mrefu wa kupimia urefu, na kila penye boma anasimama kuuliza. Nilimcheka. Nilimwambia kazi yake ya wiki mimi naimaliza kabla chai haijapoa.

Mwaka juzi, masika yakielekea mwisho, ukaja mzigo wa kwenda Kakesio, kule kwa wafugaji ndani ya Ngorongoro. Ulikuwa mtambo wa kuchimbia visima, na ulipakiwa juu ya lobedi, lile trela refu la chini lenye matairi mengi. Kupanda nalo mlima na kuzipita kona za ukingoni mwa kreta hakukunitisha. Shida ilikuwa mwisho wa safari, kwa sababu trela lile haligeuki barabarani, linataka uwanja. Nikapekua picha mpaka nikaona, kando ya njia, kipande cha kijani kibichi. Pembeni yake kote ardhi ilikuwa imekanyagwa mpaka imebaki udongo mtupu, lakini pale hapakuwa na nyumba, wala njia ya ng'ombe, wala mbuzi mmoja.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kiiraqw. Kwetu mali ya mtu inaonekana: pamelimwa, pana mkonge mpakani, pana mahindi au mabua yake. Mahali pasipolimwa wala kulishwa nilipahesabu ni pa Mungu. Nikaandika kwenye ramani, "Eneo la wazi, gari ligeuzie hapa." Ikaenda, ikarudi na muhuri.

Siku walipofika, dereva alinipigia simu, mtandao ukikatakata. Mtambo walikuwa wameshaushusha salama.

"Bosi, kuna mama amesimama mbele ya gari na fimbo. Anaongea Kimasai, simwelewi. Naona hataki tugeuze."

Nikatazama skrini. Kijani kitupu.

"Hapo hapana kitu," nikamwambia. "Mwonyeshe kibali, halafu ugeuze."

Alimwonyesha. Yule mama aliuona muhuri, akasogea pembeni. Trela likaingia, likazama kwenye tope, na mpaka jioni wakawa wanalivuta mbele na nyuma kwenye kile kipande. Niliambiwa kwamba muda wote huo mama alibaki amesimama. Mimi nilikwenda kula.

Nilifika Kakesio mwenyewe kiangazi kilipokolea, kupanga safari ya kuurudisha mtambo. Kijani kilikuwa kimegeuka makorongo ya matairi yaliyokauka yakawa magumu kama tofali. Kando yake palikuwa na ndama wanne, mbavu nje, mmoja amelala. Yule mama wa fimbo akanijia.

"Wewe ndiyo mtu ya kompyuta?"

"Ndiyo, yeyo," nikamwita mama kwa Kimasai. "Ni mimi."

"Hii ilikuwa alalili," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nyasi ya ndama. Kiangazi ng'ombe wakubwa wanakwenda mbali na vijana, ndama hawawezi kutembea. Wanabaki na mimi, wanakula hapa. Walikuwa saba."

"Yeyo, kwenye picha sikuona hata ng'ombe mmoja."

"Utaona wapi? Masika yote mimi nawafukuza."

Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tena. Ule usafi wa pale, uliofanya nipachague, ulikuwa ni jasho lake na fimbo yake. Yule fundi wangu wa ufito angeuliza swali moja tu, akajibiwa, akatafuta pengine. Nikamwomba msamaha. Nikamwahidi mabua ya mahindi kutoka kwetu, na kweli nilikuja kuyapeleka, ila yalipofika ndama walikuwa wamebaki wawili.

Siku ile hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alitaka tu kuiona hiyo picha. Nikaifungua kwenye simu, nikampa. Ilikuwa bado ile ya zamani, haijabadilishwa, na nyasi zake zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole taratibu juu ya kile kijani.

"Kumbe uliiona," akasema, akanirudishia simu.