Chungu cha Ayi Huang

Usiku ambao mwanangu Shifa alikuwa wodini kujifungua, nilikaa kwenye ngazi nimekumbatia simu. Hospitali waliruhusu mtu mmoja tu, akaingia mumewe, Othman. Mlango wa chini ukafunguka, akatoka mwenye nyumba wetu, Ayi Huang, na kapu la viatu na mkasi. Akaketi ngazi moja chini yangu, akaanza kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Mimi Kichina sikijui, naye Kiswahili hakijui. Alfajiri simu ikalia: mtoto wa kike, wote salama. Nikamwonyesha picha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Ayi ni shangazi kwa Kichina, na mtaa mzima hapa Shijing humwita hivyo. Ana miaka sitini na tisa. Zamani alilima mboga pale kilipo sasa kiwanda cha viatu. Viwanda vilipokuja akajenga chumba juu ya chumba, mpaka nyumba ikafika ghorofa tano. Juu yetu wanakaa washona viatu kutoka Hunan, chini kuna Mkongo anayepakia makontena, katikati sisi wa Unguja. Kodi inamtosha, ila mikono yake haijui kukaa bure, ndiyo maana huchukua viatu vya kiwandani kuvimalizia nyumbani.

Shifa alipotoka hospitali, Ayi akagonga. Alibeba chungu cheusi. Nikafunua: mayai, tangawizi, siki nyeusi. Chakula hicho nilishakiona mkahawani, hupikwa na miguu ya nguruwe. Nikatikisa kichwa, nikafunga mlango.

"Mama, umefanya nini?" Shifa akaita kutoka kitandani.

"Nimekataa nguruwe."

"Nguruwe gani, mama! Hicho ni chakula cha mzazi. Ayi alishamuuliza Othman tunakula nini, akanunua na chungu kipya!"

Jumamosi narudi nyumbani, viza inaisha. Othman hushinda ghalani. Arobaini ya Shifa bado mbali. Nani atamkanda na kumshikia mtoto, kama si huyo niliyemfungia mlango?

Nilipofungua, chungu kilikuwa sakafuni, bado cha moto. Shifa alikula mayai manne.

Kwetu hurudishi chombo cha jirani kikiwa kitupu. Nikaloweka mchele, asubuhi nikausaga na tui la kopo na iliki, nikachoma vitumbua, nikajaza chungu, nikashuka.

Nikagonga. Hakufungua. Ndani nilisikia mkasi: kacha, kacha. Nikagonga tena. Mkasi ukanyamaza.

"Ayi," nikasema, na kwa kuwa sikujua Kichina kingine, nikamalizia kwa Kiswahili, "nisamehe, mwenzangu. Mimi na wasiwasi tumezaliwa pamoja."

Mlango ukafunguka. Akafunua chungu, akachukua kitumbua kimoja, akatafuna taratibu akinitazama. Akachukua cha pili. Kisha akavaa kandambili, akanipita, akapanda ngazi kwenda kwa mtoto. Mlango wake aliuacha wazi.