Tulivyouandaa mfumo wa vibali kwa ukaguzi hapa Mpanda, mpaka nikachoka

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Sina hata nguvu ya kuongeza.

Niko kitengo cha TEHAMA kwenye ofisi moja ya serikali hapa Mpanda. Jina la ofisi mniachie, bado nakula ugali wa hapo.

Tulikuwa na mfumo mpya wa kuomba kibali cha kusafirisha mazao kwa simu. Mpango wa bosi: mfumo ukishapita ukaguzi, dirisha la vibali linafungwa. Kila mtu aombe online.

Wakaguzi ni watu huru. Hawakuutengeneza mfumo na hawako chini ya bosi. Wanakuja kuangalia kama huduma inafanya kazi kwa mwananchi wa kawaida.

Kazi ya maandalizi nikatupiwa mimi. Slide, ripoti, viti, mpaka maji ya kunywa. Mnajua serikalini, ukijua kompyuta unajua kila kitu.

Nikamwambia bosi, "Mkuu, tujaribu kwanza na watu wenyewe." Akakubali, ila akasema nitafute "wanaojua simu."

Nikaenda sokoni Makanyagio na Dada Yustina, anayekaa dirishani kwenye vibali. Wafanyabiashara wote anawajua, maana ndio anaowahudumia kila siku.

Akanipeleka kwa Mama Limi, anauza mchele na kuusafirisha mpaka Tabora. Simu anayo, kioo kimepasuka kidogo. WhatsApp anatumia vizuri tu.

Akaanza kujaza. Jina, kijiji, magunia. Mfumo ukamtumia namba ya kuthibitisha kwa SMS. Akatoka kwenye ukurasa kwenda kuisoma. Kurudi, kila alichojaza kimefutika.

Akaanza upya. Kikafutika tena.

Simu yake ilikuwa na memory ndogo, ukitoka tu inafunga ulichoacha. Tukajaribu kwa majirani zake pale sokoni, karibu wote ni hivyo hivyo.

Mama Limi akacheka kwa uchovu. "Mwanangu, mi ntakuja tu dirishani kwa Yustina."

Yustina akaniangalia. Hakuna aliyemwambia kwamba dirisha linafungwa.

Nikarudi ofisini, nikampigia fundi aliyetengeneza mfumo. Akasema kwake unafanya kazi. Nikamuuliza anatumia simu gani. Akaitaja. Wakuu, simu ile huku unaiona kwa wageni tu.

Nikaenda kwa bosi. Akanisikiliza huku anasaini mafaili.

"Tutarekebisha baada ya ukaguzi. Usiniharibie."

Nikarudi kwenye slide zangu. Nyumbani mke wangu ananiuliza mbona sili, namjibu kazi. Nitamweleza nini?

Siku ikafika. Bosi kavaa suti, joto lile la Mpanda. Kiongozi wa wakaguzi alikuwa mama mmoja mpole, anaongea taratibu. Akaangalia slide zote bila kunikatisha. Mwishoni akauliza, "Mlijaribu na wananchi gani, na mliona nini?"

Bosi akanikazia macho.

Nilijua nikidanganya, wa kuhangaika ni Mama Limi. Nikisema, ni mimi. Nikasema. Yustina, aliyekuwa amekaa nyuma, naye akadakia, "Kweli mama, hata simu yangu mimi inafuta."

Yule mkaguzi hakumfokea mtu. Akasema tu, "Twendeni sokoni nikaone."

Mama Limi akajaribu mbele yake. Kikafutika. Mkaguzi naye akajaribu kwa simu yake mwenyewe, ikapita. Akazishika simu zote mbili, akazilinganisha.

Majibu: mfumo haujapita. Dirisha lisifungwe mpaka simu za memory ndogo nazo ziweze.

Jioni bosi akanikuta kwenye korido. "Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi mkuu. Nimechoka."

Tangu hapo salamu ikawa ya kichwa tu. Kwenye safari za kikazi jina langu halipo. Fundi anarekebisha, anakosea, anarekebisha tena. Mimi na Yustina kila mara tunachukua bajaji kwenda kujaribu, mpaka Mama Limi akituona anavuta kigoda.

Juzi imekubali. Kajaza, katoka, kasoma SMS, karudi, kila kitu kipo. Hakushangilia. Akasema "haya," akamgeukia mteja.

Leo asubuhi bosi kasimama mlangoni mwa ofisi yangu. Ukaguzi wa pili unakuja. Nikajua nahamishwa.

"Yule mama wa mchele," akasema, "anapatikana saa ngapi? Nataka nione mwenyewe kabla hawajaja."

Nikamwambia asubuhi ndio vizuri, hana wateja wengi.

Nilichojifunza wakuu: mkaguzi sio adui. Upeleke mfumo kwa mwenye simu mbovu kabla hajaja yeye. Na ukisema ukweli kazini, utachoka sana, usitegemee makofi.

Nyie mlioko ofisi za umma, huko kwenu mnajaribu na nani? Na wewe mwananchi, mfumo gani ulikurudisha dirishani? Shusheni hapa, nasoma taratibu.